Pumzi ya Ubeti wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari nimepewa na mdogo wangu. Anasema nikiendelea kuongea peke yangu chumbani na hedifoni kichwani, majirani watadhani akili imenitoka. Haya, nitaongea na karatasi.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi na sherehe za watu, na nusu ya kazi hiyo hakuna anayeiona. Nakaa mbele ya kompyuta nikipunguza na kuongeza mwendo wa nyimbo, ili moja iingie kwenye nyingine bila watu kujikwaa. Wimbo wa mapigo mia na kumi kwa dakika ukigongana na wa mia na kumi na saba, ukumbi mzima unakuwa kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Kwa hiyo huu naushusha, ule naupandisha, wanakutana katikati. Nikijisemea mwenyewe, kwa hilo siko nyuma ya mtu.

Leo mtaalamu wa mazoezi alikuja kumwona Baba. Tangu apate kiharusi Desemba, mguu wake wa kushoto umekuwa kama mgeni nyumbani: upo, lakini hausaidii kazi. Mtaalamu akamsimamisha kwenye korido, akaanza kumhesabia kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili," na mguu ukasikia. Alipoacha kuhesabu, ukagoma. Akanigeukia.

"Dada, si wewe ndiye DJ? Mtafutie wimbo wa taratibu, usioyumba. Mguu unapenda kujua pigo linalofuata liko wapi."

Baba akacheka kwa ule upande unaocheka. Miaka thelathini alipiga drams kwenye bendi, na wenzake walimwita Saa kwa sababu hakuwahi kuchelewa wala kuharakisha. Leo anahesabiwa moja mbili na kijana aliyezaliwa bendi imeshavunjika.

Mdogo wangu anaolewa tarehe 24 Mei. Baba ameshasema atamwingiza ukumbini kwa miguu yake, kutoka mlangoni hadi mbele, na wimbo utakuwa ule aliorekodi na Mama. Kwa kiti cha magurudumu haendi. "Nikishindwa kutembea nabaki nyumbani," alisema. "Mtaniletea keki."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sherehe ya Jumamosi imeahirishwa. Nimeshinda nikitafuta nyimbo za kutembelea.

Jumamosi, 8 Machi

Korido yetu inaanzia chumba cha Baba na kuishia jikoni, na upana wake ni watu wawili waliobanana. Niliweka spika ndogo juu ya friji, nikakaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani, Baba akasimama mlangoni kwake na fimbo. Nikawasha. Mwimbaji wa kike akatoka na sauti ya mzee mwenye mafua.

"Huyu dada amepatwa na nini?" Baba akauliza.

Ukipunguza mwendo wa wimbo, sauti nayo inazama, isipokuwa ubonyeze kitufe cha kuifunga ibaki pale pale. Ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa mtu, na mimi nilikisahau kwa haraka ya kuwasha. Nikabonyeza, dada akarudiwa na sauti yake, Baba akatoka. Kwenye mapigo sitini mguu wa kushoto ulifuata. Uliburuta, lakini ulifuata. Alipofika jikoni akalishika friji kama mtu aliyefika kwao, akasema wimbo wenyewe ni mbovu, mpiga drams alikuwa na njaa.

Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Jumanne, 11 Machi

Sitini na mbili. Mvua haijakatika tangu juzi.

Jumamosi, 15 Machi

Shangazi amehamia kwetu mpaka harusi ipite. Ni dada mkubwa wa Baba, na hata leo humwambia avae sweta. Ameingia na mabegi mawili na kiti cha magurudumu kipya, bado kimefungwa nailoni.

"Shikamoo, Shangazi. Hiki cha nini?"

"Marahaba. Cha kukalia."

"Baba hatakikalia."

"Basi nitakikalia mimi. Kipokee, kinanyeshewa."

Baadaye, Baba akiwa amelala, nilimweleza mpango wetu: korido, mapigo, mtaalamu, mguu unavyoanza kusikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, ukumbi umejaa, wakwe wamekaa, simu zote zimeinuliwa, halafu mtu anaanguka katikati. Hapo utapiga kwa spidi gani?"

Niliinuka nikaenda kuosha vikombe, nimechukia. Naandika hapa ili nisimjibu mezani: Shangazi anajali zaidi watu watasema nini kuliko anavyojali mdogo wake anataka nini.

Jumapili, 23 Machi

Nimekuwa nikimwibia Baba. Kila baada ya siku kadhaa naongeza pigo moja au mawili na simwambii, nikiamini mguu utazoea kabla kichwa hakijaogopa. Leo, katikati ya korido, bila hata kugeuka kumtazama kifungua mimba wake:

"Mkubwa, juzi ulinipa sitini na nane. Leo ni sabini. Unadhani kiharusi kilinipiga masikio?"

Nikaona aibu. Nikamwuliza tangu lini anajua.

"Tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu kuona utafika wapi kabla hujaungama."

Jikoni Shangazi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimeanza kuushughulikia wimbo wenyewe. Niliuhamishia kwenye kompyuta miaka mingi iliyopita, Mama akiwa bado hai, lakini sijawahi kuupiga kazini. Ulikuwa wetu wa nyumbani, kama taulo.

Programu yangu huchora vistari, kila pigo na kistari chake. Nyimbo za siku hizi hukaa juu ya vistari hivyo kama watoto wa shule kwenye foleni. Huu nao ulikaa, ubeti wa kwanza na wa pili, mapigo tisini na mawili, mpaka nikasema peke yangu, "Binadamu huyu, bila mashine!" Kisha ubeti wa tatu ukaanza kuchelewa. Unateleza polepole hadi themanini na nane, halafu kwenye kiitikio unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baba hachelewi. Kila aliyewahi kupiga naye atakuambia hivyo. Kwa hiyo ni mashine ya kurekodia, au mkanda ulikwama, au siku ile umeme ulipungua. Nimeamua kuunyoosha. Nitakata pigo kwa pigo, nivute kila moja lirudi kwenye kistari chake, kisha niushushe wimbo wote hadi sabini na sita ili aweze kuutembea. Nitampa wimbo wake ukiwa hauna doa.

Jumatano, 2 Aprili

Nanyoosha. Macho yanauma.

Jumapili, 6 Aprili

Jana nilipiga kwenye sherehe ya mwalimu anayestaafu. Mdogo wangu alinisindikiza, akanibebea waya. Leo kwenye chai akasema, "Dada, unajua jana hukuwaangalia watu hata mara moja? Unaikodolea macho skrini kama mtu anayengoja majibu ya mtihani."

Nikamwambia skrini ndiyo inayonionyesha mwendo.

"Na miguu ya watu je?"

Mtu anayeolewa ana maneno mengi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemaliza. Ubeti wa tatu umenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba ameanguka.

Asubuhi nilimwambia nina zawadi yake. Mdogo wangu akaingiza mkono wake kwenye mkono wa Baba, kama itakavyokuwa siku yenyewe, mtaalamu akasimama nyuma yao. Shangazi alikuwa jikoni. Nikawasha.

Mama alipoanza kuimba, Baba alifumba macho, akayafumbua, akatoka. Sijamwona akitembea hivyo tangu Desemba. Siku zote alikuwa akilifuata pigo, leo alikuwa akitembea nalo bega kwa bega. Ubeti wa kwanza ukawafikisha jikoni, kwenye wa pili wakageuka. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye skrini, nikitazama mapigo yakiangukia kwenye vistari vyake moja baada ya jingine, nikijisifu moyoni.

Kwenye ubeti wa tatu nilisikia kabla sijaona. Fimbo iligonga sakafu peke yake, mguu haukutua. Mdogo wangu akapiga kelele, "Baba!" Nilipoinua macho alikuwa ameshakwenda chini kwa ubavu, na mdogo wangu ameangukia goti akijaribu kumzuia. Wimbo ukaendelea tu. Mama akaimba kiitikio chote juu ya vichwa vyetu mpaka Shangazi alipotoka jikoni na kuchomoa waya wa spika.

Hakuvunjika. Mtaalamu alimkagua mwili mzima, akakuta mchubuko wa kiwiko na basi. Nilikaa naye kitandani nikimpaka dawa, nikingoja utani wake. Haukuja.

"Nilikukimbiza, Baba?"

"Hapana. Mwendo ulikuwa sawa."

"Ulichoka?"

"Sikuchoka." Alikuwa anaangalia ukuta. "Ni mimi niliyepotea. Ndani ya wimbo wangu mwenyewe."

Mchana akamwita mdogo wangu, akamwambia amwombe Shangazi amwingize ukumbini. "Mimi nitangoja keki," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakutoka chumbani. Mtaalamu alikuja, akakaa na fimbo mkononi, akaondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nilimwekea ule wimbo wa dada mwenye mafua, kwa sauti mbovu makusudi. Akaniomba niuzime.

Jumatatu, 21 Aprili

Dari la korido limeanza kuvuja, tumetega ndoo pale pale alipokuwa akigeukia. Tone, kimya, tone. Nilimkuta Baba mlangoni amesimama na fimbo, anasikiliza. Nikadhani anataka kutembea.

"Hata tone linajua zamu yake," akasema, akarudi kitandani.

Jumamosi, 26 Aprili

Shangazi alikuwa sebuleni anapiga pasi vitambaa vya meza za harusi, mimi nakunja waya zangu sakafuni. Alikuwa anaimba kwa pua wimbo wa Mama, na sidhani alijua kama anaimba. Vidole vyangu vikaanza kugonga goti vyenyewe, ndiyo kazi ya vidole hivi. Alipofika ubeti wa tatu, vikamtangulia. Nikadhani nimekosea mimi.

"Shangazi, imba tena."

"Nimekuwa redio?"

"Tafadhali."

Akaimba tena, kwa maneno sasa. Mahali pale pale, kwenye neno lile lile, akachelewa. Kwenye kiitikio akarudi. Hapakuwa na mashine ya kurekodia sebuleni kwetu, wala umeme haukupungua. Pasi ilikuwa ya moto sawasawa.

"Kwa nini unachelewa hapo?"

"Nachelewa wapi? Wimbo ndivyo unavyokwenda." Akaisimamisha pasi, akaniangalia. "We mtoto, umeufanyia nini ule wimbo?"

Nikamweleza kunyoosha. Nilieleza vizuri, vistari, kukata, kuvuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kunitisha. Akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu, nailoni ikalia chini yake.

"Nenda kwa baba yako, akusimulie mwenyewe. Kisa hicho ni chake." Nilipoinuka akanishika mkono. "Na hiki kiti usinichukie kwacho. Desemba nilikuja kuwasalimia tu, nikamkuta bafuni, sakafuni. Nikamwita jina nililomwita akiwa mtoto, na hakuniitika. Watu na simu zao wananihusu nini? Sitaki kumwona sakafuni tena, mwanangu. Na mwezi huu nimemwona."

Nilikaa chini nikaweka kichwa kwenye magoti yake. Wiki sita nimeishi naye nyumba moja na nilikuwa sijamjua.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Leo naandika polepole.

Niliingia kwa Baba na chai. Nikamwambia, "Ubeti wa tatu. Kwa nini unachelewa?"

Alikiweka kikombe chini. Kisha akaanza kueleza akiangalia mikono yake.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa magodoro ili kelele za nje zisiingie, joto la kuokea mkate. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, Mama amesimama katikati na maiki yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ubeti wa kwanza akauimba vizuri, na wa pili pia. Ubeti wa tatu una yale maneno marefu yasiyo na pa kupumulia.

"Nikaona vidole vyake," Baba akasema. "Alikuwa ameshika stendi ya maiki, vidole vimebana mpaka vimebadilika rangi. Nikajua pumzi imekwisha. Mwimbaji hawezi kusimama katikati ya rekodi, na mimi siwezi kumwambia kitu. Sasa nifanye nini? Nikamngoja."

"Ulipunguza."

"Niliachia kidogo. Kila pigo nililichelewesha kiasi cha unywele mmoja, apate pa kuingiza hewa. Mpiga besi akanigeukia kama mtu aliyeona maiti inapiga chafya. Saa inachelewa! Lakini akanifuata, na wote wakafuata. Mama yako akavuta pumzi, akamaliza ubeti. Kwenye kiitikio nikawarudisha."

"Na fundi mitambo hakusema kitu?"

"Alitaka turudie. Nikamwambia, ukitaka kurudia, tafuta na mpiga drams mwingine." Akatabasamu kidogo. "Tangu siku hiyo ukawa ndio wimbo wenyewe. Hata jukwaani, hata baada ya mimba, kila tulipofika pale nilimngoja. Hakuwa anahitaji tena. Alikuwa ananigeukia tu anacheka."

Nikamwuliza mimba ipi, ingawa nilishajua. Mdogo wangu alikuwa hajafikiriwa.

"Wewe, Mkubwa. Wewe ndiye uliyekuwa unambana pumzi. Hujazaliwa na tayari unawaharibia watu mwendo."

Sikuweza kucheka. Nimekaa siku zaidi ya kumi nikifuta pigo kwa pigo mahali pekee katika wimbo ule ambapo mimi nilikuwepo, na nikakuita kufuta huko kuondoa doa.

"Baba," nikasema, "ule wimbo wa siku uliyoanguka niliunyoosha. Niliona kompyuta inasema ubeti wa tatu umechelewa, nikaurudisha kwenye mstari. Wote sawasawa. Nilidhani ni kosa la mashine."

Aligeuka mzima mzima. "Umesema?"

"Niliondoa kule kungoja. Hakukuwemo tena."

"Kwa hiyo nilipongoja..."

"Ulingoja peke yako."

"Kwa hiyo si mimi?"

Ndipo nikaelewa alichokuwa amekibeba wiki mbili hizi. Mguu alishauzoea. Alichoogopa ni kwamba kiharusi kimefika ndani zaidi, kimemchukulia hata saa yake, kwamba amemsikia mkewe akiimba na hakujua tena mahali pa kumngoja.

"Si wewe, Baba. Ni mimi. Wewe ulikuwa sahihi."

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Mama. Kisha akanitukana vizuri, matusi ya wanamuziki, mengine sikuyajua. Mwishoni akapangusa uso na shuka, akasema, "Lete fimbo."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeifuta ile kazi yangu yote. Wimbo umerudi ulivyokuwa, na kuchelewa kwake.

Ijumaa, 2 Mei

Shida mpya. Kuna siku Baba anatembea sabini na sita, kuna siku sabini, na ubeti wa tatu kila siku anaungoja kwa kadiri yake. Hakuna namba nitakayoiweka leo ikamfaa tarehe 24. Mtaalamu akasema, "Basi usiweke." Nikamwona hana akili. Kisha nikakumbuka ile slaidi ya pembeni ya mashine yangu, ile unayoivuta kwa kidole kupunguza au kuongeza mwendo wimbo ukiwa unaendelea. Naitumia kila kazi kwa sekunde chache tu, nyimbo mbili zikikutana, macho yakiwa kwenye namba. Sasa itabidi nimshikie Baba wimbo mzima kwa mkono, nikitazama miguu yake.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemtangulia, nimemwacha nyuma, nimemtangulia tena. Baba anasema hajawahi kupiga na mtu mlevi kama mimi.

Jumatano, 7 Mei

Mdogo wangu amefunika skrini na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi na Shangazi. "Sasa tuone," akasema. Wakafika jikoni pamoja, Baba, yeye na wimbo.

Jumamosi, 10 Mei

Ndoo imeondolewa. Fundi amepanda darini kati ya mvua mbili.

Jumamosi, 17 Mei

Tulikwenda kuona ukumbi. Kutoka mlangoni hadi mbele ni korido yetu mara nne. Baba akasimama mlangoni akipima kwa macho, Shangazi akasimama nyuma yake.

"Dada," Baba akamwambia, "hicho kiti chako kitoe nailoni, uje nacho. Utatembea nyuma yangu. Nikikihitaji nitakaa."

"Na usipokihitaji?"

"Utakuwa umepata matembezi."

Shangazi akageukia dirishani, akakaa hapo akiangalia mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Nimevua viatu, nimekaa. Niandike yote kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Mvua ilinyesha asubuhi, saa nane mchana ikatulia. Niliweka meza yangu mbele ukumbini, upande wa kulia, ili nione njia nzima mpaka mlangoni. Skrini nikaigeuzia ukutani mwenyewe. Kidole juu ya slaidi, kitufe cha kufunga sauti nikakikagua mara tatu, Mama asije akaingia na mafua.

Mlango ukafunguliwa. Baba alikuwa na suti yake ya bendi, imepunguzwa kiunoni. Mdogo wangu pembeni yake, amevaa nyeupe tupu. Nyuma yao Shangazi anasukuma kiti kitupu, kichwa juu, kana kwamba kiti hicho nacho kimealikwa. Simu zikainuliwa kweli.

Nikawasha. Mama akaimba, na wale wazee waliomjua wakageuza vichwa kutafuta amesimama wapi.

Baba akatoka. Alikuwa taratibu kuliko siku zote, wasiwasi labda, nikamshushia. Mguu wa kulia, fimbo, wa kushoto. Kwenye ubeti wa pili alipata nguvu, nikampandishia kidogo, mdogo wangu akanitupia jicho. Watu walikuwa wamekaa kimya kama wanaosikiliza hodi. Sikuwaona. Niliona viatu vyeusi viwili tu na ncha ya fimbo.

Ubeti wa tatu ulimkuta katikati ya ukumbi. Mguu wa kushoto ukakwama. Niliuona unavyoganda, goti likitetemeka ndani ya suruali, na Shangazi akasogeza kiti mpaka kikagusa nyuma ya mapaja yake. Wimbo ukaanza kuchelewa wenyewe, pale pale alipochelewa yeye miaka ile, lakini haikutosha. Mama alikuwa ndani ya yale maneno marefu.

Nikavuta slaidi. Nikaendelea kuivuta. Kwa kazi yangu hilo ni kosa la kufukuzwa, wimbo ukichechemea mbele ya watu mia mbili, na mtu mmoja kwenye meza za mbele akaangalia spika kuona kama zimeharibika. Sikujali. Mama akashikilia neno lake, akalishikilia, drams zikawa zinadondoka moja moja kama maji ya dari letu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona vidole vyake kwenye mkono wa mdogo wangu, vimebana mpaka vimebadilika rangi.

Akavuta pumzi. Mabega yakapanda, yakashuka. Kisha kidole chake cha shahada kikanyanyuka, kikagonga mkono wa bibi harusi mara moja, na mguu wa kushoto ukatoka.

Nilimfuata. Akaongeza, nikaongeza. Kiitikio kikaingia naye, na ukumbi wote ukasimama bila kuambiwa. Shangazi alikuwa analia anasukuma kiti, na kiti kilikuwa kitupu mpaka mbele.

Baba alipomkabidhi mdogo wangu kwa mumewe, hakuketi kwanza. Alinigeukia pale nilipo, na akacheka kwa pande zote mbili, au karibu.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Tumeanika vitambaa, viatu, waya zangu, kila kitu. Shangazi amekaa uani kwenye kiti cha magurudumu anakula keki na anakataa kuondoka hapo. Anasema hajawahi kupata kiti kizuri hivi.

Baba alinikuta koridoni nafungua spika.

"Mkubwa, jana pale katikati ulinishusha mpaka ngapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua sina namba.

"Sijui, Baba. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akaweka kiganja ukutani, akiegemea upande wake dhaifu.

"Hata mimi siku ile ya kurekodi sikujua," akasema.